Ua la Usiku Mmoja: Niliyojifunza kwa Asumini za Kilwa

Nyumba nyingi za Kilwa Kivinje hazina chombo cha maua mezani, lakini zina maua. Yapo kwenye nywele, kifuani mwa gauni, chini ya mto wa kulalia, juu ya shuka la bibi harusi, na kwenye sinia la maulidi kando ya mrashi. Mgeni anayetafuta ua lililosimama ndani ya glasi dirishani atadhani watu wa pwani ya Lindi hatuyajali maua. Tunayajali, ila kwa pua kwanza, macho baadaye. Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sura ya ua yaweza kudumu hata juma zima, lakini harufu haimngoji mtu.

Mimi hutunga vikuba, yaani vifungu vidogo vya maua na majani yanayonukia, na makoja ya asumini kwa ajili ya harusi hapa Kilwa Masoko. Kazi hii nilifunzwa na mama mkubwa, dada yake mama, aliyeifanya Kivinje tangu ujana wake. Mengi ya haya alinionyesha kwa mkono bila kuyaeleza. Sababu zake nimezitafuta mwenyewe, kwa kujaribu na kwa kusoma. Nayaandika kwa sababu kila msimu wa harusi huletewa swali lilelile: mbona maua yetu yamekufa kabla wageni hawajaketi?

1. Ua lililochumwa bado li hai

Hili likieleweka, yaliyobaki yote yanafuata. Ua likitengwa na mti haliishi hapo hapo. Linaendelea kupumua, linaendelea kula sukari iliyomo ndani yake, linaendelea kupoteza maji kupitia ngozi yake nyembamba, na likiwa asumini, linaendelea kutengeneza harufu mpya. Tofauti ni kwamba sasa linatumia akiba tu, na anayelitunza hana zaidi ya kuamua akiba hiyo itumike haraka au taratibu, na itumike saa ngapi.

Joto ndilo linaloharakisha matumizi. Ua likipata nyuzi 10 zaidi za joto, kasi ya kupumua kwake huongezeka maradufu au zaidi. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mchana wa Kilwa hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na ndani ya gari lililofungwa madirisha hali huwa mbaya zaidi. Wakati wa kusi, kuanzia Juni, hewa hupoa na kukauka, na maua yaleyale kutoka kichaka kilekile hupata saa kadhaa za ziada. Kwa hiyo mtu akiniagiza makoja ya harusi, swali langu la kwanza ni mwezi gani, hata kabla ya kuuliza idadi.

2. Chuma tumba, usichume ua

Asumini hufunguka jua likishazama. Ni ua jeupe la usiku, na harufu yake kali imekusudiwa nondo. Tumba litakalofunguka usiku huu hujulikana tangu asubuhi: limejaa, ukijani umekwisha ondoka, limekuwa jeupe pe, na shingo yake imerefuka. Lenye ukijani bado changa. Ukilichuma leo litabaki limefumba hadi likauke. Lililofunguka jana nalo limekwisha toa sehemu kubwa ya harufu yake, na ukiligusa tu petali zake huachia.

Mama mkubwa alinifundisha kwa maneno machache sana. "Yaache yanayocheka, mwanangu. Chuma yaliyonuna." Nikamwuliza kama hayo yaliyonuna yatafunguka kweli mbali na mti. Hakunijibu. Aliyaviringisha ndani ya kitambaa chenye unyevu, akayaweka kando ya mtungi, tukaenda kuswali magharibi. Tulipofunua, nusu yake yalikuwa yamekwisha kuanza kupanuka.

Saa ya kuchuma hutegemea saa ya kuvaliwa. Kwa shughuli ya usiku uleule na ya hapa hapa, huchuma baina ya saa 9 na saa 11 alasiri, jua likianza kulegea. Kwa shughuli ya Lindi mjini au Mtwara, huchuma asubuhi mapema kabla jua halijapata nguvu. Matumba ya usiku ujao yamekwisha kuwa meupe wakati huo, na kwa kuwa bado yamefumba yatavumilia safari vizuri kuliko ua lolote lililo wazi. Kichaka kilichonyeshewa mvua husubiri kikauke kwanza, hata kama wenye harusi wananipigia simu.

Binamu yangu anayeishi Uholanzi anapenda pioni, ua kubwa la nchi za baridi lenye petali nyingi mno, ambalo huko huuzwa hasa Mei na Juni. Nilishangaa aliponieleza kwamba wakulima wake hufuata sheria ya mama mkubwa. Hawakati ua lililofunguka. Hubonyeza tumba kwa vidole viwili: likiwa gumu wanaliacha, likiwa limelainika na rangi yake imeanza kuonekana wanalikata. Tumba la namna hiyo likifungwa kavu na kuwekwa penye baridi ya karibu sifuri, huweza kukaa majuma kadhaa, kisha likitiwa kwenye maji ya vuguvugu hufunguka mezani. Pioni haiwezi kuota Lindi, maana bila majira ya baridi ya kweli haitoi maua. Lakini mkulima wa Uholanzi na mtunga vikuba wa Kivinje wamefika mahali pamoja bila kuonana: ua hulihifadhi kabla halijawa ua.

3. Shika kikonyo

Petali ya asumini ikibonyezwa hubadilika kuwa ya kahawia ndani ya muda mfupi, na alama ya kidole haifutiki. Mlangilangi ni vivyo hivyo. Ukiminywa hugeuka mweusi. Kwa hiyo tumba hukatwa chini, kwenye kikonyo kile cha kijani, kwa ncha za kucha, na mkono mmoja haubebi zaidi ya unavyoweza kubeba bila kufumba. Chombo kiwe kipana na kifupi. Ungo ni bora kuliko ndoo, kwa sababu kwenye ndoo maua ya juu huyalalia ya chini na kuyatia joto.

4. Unyevu, si maji

Asumini haina shina la kusimamisha kwenye glasi. Chote ulicho nacho ni ua na kikonyo kifupi, na hakuna njia ya kulinywesha. Wengi huona linasinyaa, wakalirushia maji, na kwenye jani, hilo lingesaidia. Kwenye petali nyeupe, tone la maji likikaa huacha doa, na doa hilo ndipo uozo unapoanzia.

Kinachotakiwa ni hewa yenye unyevu kulizunguka ua. Kitambaa cha pamba, kipande cha khanga kuukuu kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato, hulowekwa kikakamuliwa mpaka kisidondoke. Ndani yake hutandazwa matumba kwa tabaka moja au mawili, kisha yote hufunikwa kwa jani la mgomba. Jani la mgomba lina nta. Huzuia unyevu usitoroke, na hapo hapo haligandi kwenye ua. Kabla ya Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, watu wengi walileta maua kwenye mfuko uliofungwa fundo. Maua yalitoka jasho, yakajipika yenyewe. Sikusikitika mifuko ile ilipoondoka.

Mahali pa kuweka kifurushi hicho ni sakafuni, kwenye chumba chenye kivuli, kando ya mtungi wa maji. Mtungi wa udongo hupoza kwa kuvuja jasho, na jasho hilo hukauka vizuri zaidi hewa inapokuwa kavu. Ndiyo maana mtungi ni msaada mkubwa wakati wa kusi, na msaada mdogo wakati wa kaskazi hewa inapokuwa imejaa maji. Hiyo miezi mibaya nategemea zaidi kuchuma kwa saa sahihi. Pangaboi lisielekezwe kwenye maua kamwe. Upepo wake humpoza binadamu lakini hulikausha ua.

5. Onja maji kabla ya kuyatia kwenye chombo

Kwa maua yenye shina, yaani rihani, waridi, na majani ya kupambia, maji yana neno kubwa. Visima vingi vilivyo karibu na bahari huku kwetu vina chumvi, na si ajabu kwenye pwani ambayo watu huvuna chumvi kwenye majaruba. Maji ya chumvichumvi yakiwa kwenye glasi huliwia shina vigumu kuyanywa. Kingo za majani huungua, na petali hulegea ingawa chombo kimejaa. Mtu huongeza maji yaleyale, na hali huzidi.

Mimi hukinga maji ya mvua kwenye bati na kuyaweka kwenye pipa lenye mfuniko kwa ajili ya maua tu. Ukiyakosa, onja maji uliyo nayo. Kama ulimi umehisi chumvi, shina litaihisi zaidi.

6. Ndizi, maembe na moshi

Fundisho hili sikulipata kwa mama mkubwa, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote kwa sababu linaeleza mambo mengi kwa mkupuo.

Kila mtu wa pwani anajua kuvundika ndizi. Unachukua mkungu uliokomaa, unaufunika kwa majani ndani ya pipa au shimo, pengine unauwekea moshi, na baada ya siku chache zimeiva zote. Kinachoziivisha ni hewa isiyoonekana iitwayo ethilini. Tunda linaloiva huitoa, na tunda la jirani likiipata nalo huiva na kuitoa zaidi. Moshi wa kuni una hewa hiyohiyo, na ndiyo maana shimo lenye moshi huivisha haraka.

Sasa, hewa inayoliambia tunda "iva" ndiyo inayoliambia ua "zeeka." Maua mengi yakiipata hudondosha petali au hufumba bila kufunguka tena, na matumba huanguka kabla ya wakati wake. Fikiria chumba cha ndani cha nyumba yenye harusi mwezi wa Desemba, msimu wa maembe. Ni chumba chenye ubaridi kuliko vyote, kwa hiyo vitu vyote vya thamani huwekwa humo: matenga ya maembe dodo, mkungu wa ndizi, nyanya za pilau na kachumbari, na juu yake maua ya bibi harusi. Mlango unafungwa usiku kucha. Asubuhi maua yamemwagika, na lawama inamwangukia mtunga maua au jicho la mtu.

Siku hizi nikipeleka maua kwenye nyumba ya watu nauliza kwanza, kwa adabu, matunda yako wapi. Maua hayalali chumba kimoja na matunda yanayoiva. Na maua yaliyokwisha kunyauka huondolewa upesi kwenye ungo, maana nayo hutoa ethilini na kuyavuta mengine.

Moshi una habari yake zaidi. Hakuna harusi bila udi na ubani, wala sipendekezi iwepo. Napendekeza mpango wa saa: chetezo kiingie kwanza chumbani, nguo na shuka zifukizwe vizuri, madirisha yafunguliwe moshi utoke, ndipo maua yaingie. Harufu ya udi hubaki kwenye nguo kwa siku nyingi na haitapungua kwa kuitanguliza. Jiko la mkaa lisiwe kwenye ukumbi mmoja na ungo wa matumba. Na anayesafirisha maua kwa bodaboda ayaweke mbele yake, mbali na bomba la moshi, yakiwa yamefunikwa.

7. Kikuba kinajilinda chenyewe

Nilipoanza niliona rihani ndani ya kikuba ni ya harufu na rangi ya kijani tu. Nimekuja kuona kwamba mpangilio wote wa kikuba ni utaalamu wa kuhifadhi. Jani la rihani lina maji mengi, na likibanwa karibu na asumini huligawia unyevu wake polepole. Mpachori, ukiwemo, hutoa harufu yake hasa unapokauka, kwa hiyo huinuka saa ile asumini inapoanza kushuka. Vipande vya ua la mkadi ni vikakamavu, vinaishika sura ya kikuba kizima. Mwenye bahati ya kupata kilua huongeza. Hilo ni ua la mkilua, kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambacho wataalamu wa mimea walikipa jina lake la kitaalamu mwaka 1970 ingawa wanawake wa pwani walikuwa wakijipamba nacho tangu zamani.

Asumini hutungwa zikiwa matumba, sindano ikipita kwenye kikonyo na siyo kwenye tumbo la ua. Uzi wa pamba uliolowekwa ni bora kuliko wa nailoni, kwani nailoni hukata kikonyo koja likivutwa. Ukambaa wa mgomba uliochanwa mwembamba ni bora kuliko vyote viwili, kwa sababu wenyewe una unyevu na ni laini, lakini unataka mikono yenye subira. Matumba yasibanwe sana; yatapanuka usiku na yanahitaji nafasi. Koja zuri saa 12 jioni huonekana lina mapengo. Saa 3 usiku halina.

Wanaonihurumisha ni wapambaji wanaotaka koja liwe limejaa wakati wa kupiga picha za mchana. Kwa picha za mchana asumini si ua lake. Tafuteni waridi.

8. Waridi la safari

Waridi linalouzwa Kilwa na Lindi kwa mapambo ya ukumbi mara nyingi limetoka mbali. Mashamba makubwa ya waridi nchini yako Arusha na Kilimanjaro, kwenye ubaridi wa milima. Ua hushuka Dar es Salaam, kisha hupanda basi la kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari hiyo ilikuwa na foleni ya kivuko cha Rufiji ndani yake, na wakati wa masika barabara iliweza kufunga kwa siku nyingi; ua bichi halikuwa na njia. Hata sasa, waridi likifika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, lina kiu kali.

Kiu hiyo haiponi kwa kulisimamisha tu kwenye ndoo. Shina lililokatwa likikaa kavu huvuta hewa, na kipovu cha hewa huziba mishipa yake. Kwa hiyo shina hukatwa upya, sentimita 2 au 3 kutoka chini, kwa kisu kikali na kwa mshazari, likiwa ndani ya maji yenyewe. Mkasi butu hulisaga shina na kuziba kile ulichotaka kukifungua. Majani yote yatakayozama huondolewa, kwani huoza, na bakteria wanaozaliwa hapo ndio huziba mishipa mara ya pili. Kisha waridi lipumzike kwenye maji mengi, gizani au kivulini, saa kadhaa kabla ya kupangwa. Mpambaji anayelitoa kwenye basi na kulipeleka jukwaani moja kwa moja atakuwa na vichwa vilivyoinama kabla ya nikahi.

Maji yake huyatengeneza hivi kwa kila lita moja: kijiko cha chakula cha sukari, vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau, na robo ya kijiko cha chai ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari ni chakula, limau hulisaidia shina kunywa, klorini huwazuia bakteria. Klorini itiwe kwenye maji yaliyokwisha kuchanganywa na vingine. Isikutane na limau tupu, kwa sababu vikikutana vikiwa vikali hutoa hewa ya sumu. Maji hubadilishwa kila siku, na shina hukatwa kidogo tena. Wanaotumia sponji ya maua wailaze juu ya maji izame yenyewe. Ikisukumwa kwa mkono hubaki na sehemu kavu katikati, na shina litakaloangukia hapo halitapata kitu.

Waridi kwa umbo la maji si mgeni kwenye pwani hii. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia kwamba alipopita Mogadishu safari ileile alikaribishwa kwa tambuu na popoo, kisha akarashiwa maji ya waridi ya Dameski. Mrashi unaozunguka kwenye maulidi yetu una umri mrefu.

9. Jokofu linabagua

Matumba ya asumini huipenda baridi. Yakiwa ndani ya chombo chenye kitambaa cha unyevu, hukaa siku mbili tatu kwenye jokofu la nyumbani yakiwa yamefumba, mradi humo hamna maembe. Rihani haiipendi hata kidogo. Huwa nyeusi kwa usiku mmoja. Rihani huwekwa mezani kwenye glasi ya maji ya mvua, na ikikaa hapo siku kadhaa huota mizizi.

Umeme ukikatika na kurudi mara kwa mara, jokofu huyatoa maua jasho na kuyatia madoa. Hapo bora mtungi. Au barafu, ambayo hapa Masoko hupatikana kwa sababu ya biashara ya samaki, lakini boksi liwe jipya na lisiwahi kubeba samaki, na barafu isiguse maua.

Ukiyatoa baridini, yape saa nzima kwenye hewa ya kawaida kabla ya kuyavaa au kuyahukumu. Ua lenye baridi halinukii. Harufu hutengenezwa na kuruka kadiri joto linavyorudi.

10. Asubuhi yake kuna kazi

Asumini zilizolala kitandani au kwenye nywele asubuhi zimekuwa za kahawia, na hizo hazina tena la kutoa. Lakini kila harusi hubakiza matumba ambayo hayakutungwa, na ambayo usiku huo yatafunguka kwenye ungo. Hayo ni ya mafuta.

Mji wa Grasse kule Ufaransa ulijitajirisha kwa manukato, na kwa asumini wenyeji wake walikuwa na njia ya pekee: walipaka shahamu kwenye vioo, wakatandaza maua juu yake, wakayaondoa baada ya siku moja na kuweka mengine, mara nyingi, mpaka shahamu ikashiba harufu. Waridi waliweza kulichemsha na kuvukiza. Asumini hapana, kwa sababu linaendelea kutengeneza harufu baada ya kuchumwa, na moto hulikatisha. Njia ya shahamu hulipa nafasi ya kumaliza kazi yake.

Huku kwetu tuna mafuta ya nazi, na yanafaa mno. Wakati wa kusi kuna asubuhi ambazo mafuta huganda kwenye chupa, maana hayahitaji zaidi ya kushuka chini ya nyuzi 24 hivi. Msimu huo huyapaka kwenye sinia na kutandaza matumba juu jioni. Wakati wa joto huyatia kwenye sahani pana na kulaza maua juu juu, bila kuyazamisha. Asubuhi huyaondoa kwa uangalifu na jioni inayofuata huweka mapya. Yasiwe na maji hata tone, la sivyo mafuta yatavunda. Yakishiba huchujwa kwa kitambaa na kufungwa kwenye chupa ya giza. Mlangilangi nao hufaa hivyo, ukichumwa alfajiri, ukiwa umekwisha kuwa wa manjano na doa jekundu limetokea chini ya petali. Majirani zetu Wakomoro wameuza mafuta ya mlangilangi duniani kuliko nchi nyingine yoyote.

11. Kichaka chenyewe

Asumini yetu kwa kawaida haitoi mbegu. Ua hili lenye asili ya Asia ni ua la taifa la Ufilipino tangu 1934, na ni mojawapo ya maua ya taifa ya Indonesia tangu 1990, na huko kote, kama huku, huenea kwa kipando. Maana yake ni kwamba kila kichaka kilichopo Kivinje, Mchinga au Mikindani kililetwa na mtu, na kabla yake mtu mwingine alimpa.

Hutoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo asiyethubutu kukata hupata kichaka kikubwa chenye majani tele na matumba machache. Wimbi moja la maua likiisha, punguza matawi kwa theluthi moja, tia samadi ya mbuzi iliyooza, mwagilia. Kichaka kinataka jua angalau nusu ya siku. Nyumba zinazotazama bahari zikiosha majani yake kwa maji baridi mara kwa mara wakati wa kusi, chumvi ya upepo haitayaunguza.

Vipando hukatwa mvua zikianza, Desemba au Januari. Chagua tawi lisilo changa wala kuukuu, urefu wa shibiri moja, toa majani ya chini, chomeka kwenye kopo lililotobolewa lenye mchanga na samadi kidogo, weka kivulini. Wenye harusi wakija kuchukua vikuba huwapa na kopo moja kwa ajili ya nyumba mpya, na maelekezo ni haya: maji ya mvua kila jioni mpaka jani jipya lichipue, kisha kitolewe taratibu kwenye jua la asubuhi, kisha ardhini. Matumba yakitokea mwaka wa kwanza wakati mti bado mdogo, yachumwe yote yakiwa bado kijani, ili nguvu iende kwenye mizizi.